Kilichopaswa Kubaki Setilaiti Zilipoungua

Tarehe 11 Mei 2018 kisanduku chenye sentimita 10 kila upande kilisukumwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilomita 400 hivi juu ya ardhi. Hicho ndicho kilichokuwa setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Vyombo vya habari vilitangaza kwamba jirani yetu ameingia katika zama za anga. Rwanda ikafuata Novemba 2019. Uganda ikafuata tarehe 2 Desemba 2022, siku moja na Zimbabwe. Sisi Watanzania tulibaki watazamaji, mpaka mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kwamba nchi inajiandaa kurusha setilaiti yake.

Setilaiti hizo tatu za majirani leo hazipo. Zimeungua zote. Sisemi hivyo kwa kebehi, maana waliozitengeneza walijua tangu siku ya kwanza kwamba zitaungua. Chombo kinachoachiwa katika kimo kile hukutana na mabaki membamba ya angahewa. Mabaki hayo hukipunguzia mwendo kidogo kidogo, kikashuka, na baada ya mwaka mmoja, au miwili na ushei, hewa nzito hukigeuza kimondo. Hakuna aliyedanganywa. Ndiyo maana swali la kuuliza si setilaiti iko wapi. Wako wapi walioitengeneza, na leo wanafanya kazi gani? Hoja yangu ni hiyo tu, na sitaiacha mpaka mwisho wa makala: setilaiti ya aina hii thamani yake yote imo katika watu iliowafundisha, na serikali ambayo haikuwaandalia watu hao mahali pa kufanyia kazi imenunua fataki.

Tulitazame kwanza tendo lenyewe, kwa sababu hotuba za siku ya sherehe hulifunika. Setilaiti hizi hupakiwa katika shehena pamoja na chakula na vipuri vya wakazi wa kituo, zikapanda kwa roketi ya mizigo. Ya Kenya iliondoka Cape Canaveral, Florida, tarehe 2 Aprili 2018. Ikifika juu, mwanaanga hulitoa kasha lililoibeba na kulifunga kwenye meza inayoteleza ndani ya kichumba chenye milango miwili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Mlango wa ndani hufungwa, hewa hutolewa, mlango wa nje hufunguliwa, kisha mkono wa roboti hulishika kasha na kulielekeza nyuma na chini ili kilichomo kisije kikarudi kukigonga kituo. Waongozaji walioko Tsukuba, Japani, hutuma amri. Kifuniko hufunguka na springi husukuma. Ndiyo, springi, hakuna mlipuko wala ndimi za moto. Siku ile ya Mei, Norishige Kanai wa Japani alikuwa miongoni mwa wakazi wa kituo, na pamoja na setilaiti ya Kenya ziliachiwa ya Costa Rica na ya Uturuki. (Kichumba hicho ni sehemu ya maabara ya Wajapani iitwayo Kibo. Kwa Kijapani neno hilo maana yake ni tumaini, ingawa Mchagga yeyote atasamehewa akidhani kwamba waliutaja mlima wake.)

Katika mlolongo huo wote, mkono wa Mwafrika Mashariki uko wapi? Umo ndani ya kisanduku. Roketi ni ya wageni, kituo ni cha mataifa mengine, kichumba na mkono na amri ni vya Wajapani. Chetu ni saketi walizozilehemu vijana wetu, programu walizoziandika, na majaribio ya mtikisiko na ya joto waliyoyapitia wakaona ni wapi walipokosea. Mwanaanga hakutufanyia jambo la kihistoria. Alitushushia mzigo, kama utingo mwaminifu wa basi la mkoani. Tumshukuru. Lakini kijiji kinachomshangilia utingo na kumsahau msafiri kina tatizo.

Na msafiri akishashushwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kisanduku huizunguka dunia kila dakika 90 hivi, kikienda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kwa mtu aliyesimama Nairobi au Dodoma, huchomoza upande mmoja wa upeo wa macho na kuzama upande wa pili, na muda wa kuzungumza nacho katika kila pito ni kama dakika 10, mara nyingi pungufu. Mapito yenye manufaa ni machache kwa siku, wala hayaheshimu saa za kazi. Moja litaangukia saa tisa usiku, jingine sikukuu ya Idi. Katika dakika hizo lazima awepo mtu, au mtambo uliopangwa na mtu anayejua anachokifanya, ili antena ikifuate chombo, masafa yarekebishwe kadiri mwendo unavyoyapotosha, hali ya betri isomwe, data zipokelewe na kuhifadhiwa. Umeme ukikatika pito limepotea. Mwenye zamu akiwa ameitwa semina, limepotea. Ukitaka kujua kama nchi ina setilaiti, usitazame picha ya kisanduku kikielea juu ya bahari ya buluu. Nenda kwenye chumba cha antena saa tisa usiku uangalie kama taa inawaka.

Tungekuwa tunaanza leo, ningesema tupewe muda. Lakini eneo letu limekuwa katika shughuli hizi kwa zaidi ya nusu karne, na historia hiyo wanafunzi wetu hawafundishwi. Kwenye bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Wataliano walisimamisha majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita. Walichagua pale kwa sababu ni karibu na ikweta: roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure kutokana na mzunguko wa dunia, na chini yake kuna bahari tupu. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilipelekwa angani kutoka jukwaa lile. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, nayo NASA wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo, na kazi hiyo ni sehemu ya iliyompatia Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Uhuru, kwa Kiswahili, kutoka bahari ya Waswahili. Ni chuo kikuu kipi cha Afrika Mashariki kilichopata idara ya astronomia kwa sababu yake? Ni vijana wangapi wa Malindi waliopelekwa kusoma fizikia ili warudi kuzisoma data zake? Nawauliza wanaotuambia kwamba kuwa karibu na tukio ni sawa na kushiriki. Tulitoa mahali na tukatoa jina. Maarifa yakapanda ndege na wenyewe.

Miaka sita baadaye tulijaribu njia nyingine. Tarehe 3 Desemba 1976 nchi nane za ikweta zilikutana Bogotá, Kolombia, na kutia saini azimio la kudai mamlaka juu ya sehemu za obiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, ile ambayo setilaiti ikiwekwa huonekana kama imesimama mahali pamoja. Kenya ilikuwamo, Uganda ilikuwamo, Zaire na Kongo zilikuwamo. Kisheria dai lilikuwa gumu, kwa kuwa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga hizo, na mataifa makubwa yalilipuuza. Mimi siwacheki waliotia saini. Walikuwa wameona mapema kwamba obiti ile ni rasilimali na kwamba wanaowahi wataijaza. Ila tazama walichokidai: mahali, tena. Indonesia, iliyotia saini azimio hilohilo, ilikuwa imekwisha kurusha Palapa A1 Julai mwaka uleule, kwa ajili ya simu na televisheni za visiwa vyake maelfu. Ilinunua chombo kwa Wamarekani, kweli, lakini ilikuwa na kazi ya kukipa.

Habari ya Indonesia ina kipande kingine kinachonivutia. Februari 1984 wanaanga wa chombo cha Challenger waliiachia Palapa B2, injini yake ikashindwa kuipandisha, nayo ikabaki ikielea katika njia ya chini isiyo na faida. Novemba mwaka huohuo wanaanga wengine, Joseph Allen na Dale Gardner, walitoka nje ya Discovery wakaikamata kwa mikono, wakairudisha duniani. Ikatengenezwa upya na kurushwa tena mwaka 1990. Kwa nini walihangaika hivyo? Kwa sababu ilikuwa mali yenye bima, na bima ilikuwa na mwenyewe aliyedai chake. Kisanduku chetu hakuna atakayekifuata. Wa kudai kitu kwa niaba yake ni sisi, na cha kudai ni kile tu kisichoungua.

Sasa niwajibu wapinzani, ambao ni wa aina mbili na hawapendani.

Wa kwanza husema nchi yenye watoto wanaokaa sakafuni darasani inatafuta nini angani. Nawaheshimu, kwa sababu mara nyingi ni watu wenye uchungu wa kweli na wananchi. Lakini hesabu yao imekosea mlengwa. Kupanda na kuachiwa kwa 1KUNS-PF kulikuwa bure, chini ya mpango wa KiboCUBE wa Japani na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia masuala ya anga. Kenya ilikuwa ya kwanza kuchaguliwa. Hata Taifa-1, iliyorushwa baadaye kwa roketi tarehe 15 Aprili 2023, ilitangazwa kugharimu shilingi za Kenya milioni 50, kiasi kisichozidi sana bei ya mashangingi machache ya waheshimiwa. Madawati hayajaliwa na setilaiti. Wala mkulima si adui wa anga. Anayemwambia mkulima mvua itachelewa anaitegemea setilaiti, iwe ya nani.

Iwe ya nani: hapo ndipo wapinzani wa aina ya pili wanaponirukia. Wao husema lazima tuwe na yetu, kwa heshima ya taifa na kwa usalama wa data. Sikatai kwamba siku moja itatulazimu. Ila kwa sasa hoja yao inawasuta. Picha za Landsat, ambazo Marekani imekuwa ikizikusanya tangu 1972, hutolewa bure tangu 2008. Picha za Sentinel-2 za Ulaya ni bure pia, zinaonyesha vitu vya mita 10, na sehemu moja ya nchi hupigwa kila baada ya siku tano hivi. Kovu la maporomoko kama yale ya Katesh, wilayani Hanang, ya Desemba 2023, linaweza kuonekana humo. Vivyo hivyo misitu inayokatwa na mashamba yanayokauka. Mwanafunzi mwenye kompyuta na bando anaweza kuzipakua usiku huu. Kisanduku cha sentimita 10 hakishindani na picha hizo, wala hakikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo ukikitetea kwa hoja ya picha umeshindwa kabla ya kuanza. Hoja inayosimama ni moja tu: aliyewahi kukijenga chombo, akakitazama kikishindwa kuitika na akatafuta sababu, anajua kuzihoji data za wengine, anajua kusoma mkataba wa muuzaji, na hatauziwa mbuzi kwenye gunia.

Wajapani wenyewe hawakuficha hilo. Mradi wa Birds wa Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, ambako Uganda ilipeleka wahandisi watatu na ambako Ghana na Nigeria zilikuwa zimepita kabla, uliwekwa kwa ajili ya kufundisha. Kijana huanza na mchoro, akamaliza na chombo kilichoko angani, kwa miaka miwili hivi. Setilaiti pale ni karatasi ya mtihani. Karatasi ya mtihani ikishasahihishwa hutupwa, na hakuna mzazi anayeililia, mradi mtoto amefaulu na ana shule ya kuendelea nayo. Nasoma watu wanaouita mpango ule mtego wa ukoloni mamboleo. Wangenishawishi zaidi kama wangeonyesha kwamba ni Wajapani waliotuzuia kumwajiri mhandisi aliyerudi.

Anazuiwa hapahapa. Na hapa nazungumza na ndugu zangu watumishi wa umma, kwa lugha yao.

Setilaiti hukaa katika bajeti ya maendeleo. Ina mhisani, ina tarehe ya uzinduzi, ina bango. Mtu wa kukesha na antena hukaa katika matumizi ya kawaida, ambako hakuna mhisani wala bango, na ambako kila mwaka Hazina huanza kukata. Mradi ukifungwa, gari la mradi hupata mwenyewe siku hiyohiyo. Mtaalamu wa mradi huambiwa asubiri kibali cha ajira. Kibali nacho hakitoki, kwa sababu katika muundo wa utumishi kada yake haipo. Nina mwanafunzi wangu wa zamani aliyesomeshwa ng'ambo miaka miwili, kwa fedha za umma, mambo ya upokeaji na uchakataji wa data za setilaiti. Aliporudi katika taasisi yake, ambayo sitaitaja, afisa utumishi alitafuta kada yake kwenye waraka, akaikosa, akampangia masijala. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Waraka ndivyo ulivyosema. Binti yule alipanga mafaili miezi kumi na minne. Antena ya kupokelea picha ilikuwa juu ya paa la jengo lilelile, na kunguru walikuwa wamejenga humo. Sasa yuko nje ya nchi, na nasikia anafanya kazi nzuri.

Huyo ndiye setilaiti yetu iliyopotea. Gharama yake haikuandikwa na mkaguzi yeyote, kwa sababu katika vitabu vya serikali mafunzo yakishalipiwa huhesabiwa yamefanikiwa: idadi ya waliopelekwa, idadi ya waliohitimu, basi. Hakuna safu inayouliza anafanya nini miaka mitano baadaye. Ukimpa mtu sharti la kulitumikia taifa miaka kadhaa baada ya masomo, nalo taifa lina sharti la kumpa kitu cha kulitumikia nacho; mikataba yetu ya masomo huandika sharti la kwanza kwa wino mzito na la pili haliandiki kabisa.

Najua jibu la wizara yoyote: tunaandaa sera. Vema. Ila tofauti ya sera na ikama ni kwamba sera haipokei mshahara. Kwa kituo kimoja kidogo cha kuongozea setilaiti ndogo, zamu za usiku na mchana, mapumziko na likizo, huwezi kupungukiwa watu sita. Hao sita wanahitaji jina la kada, ngazi ya mshahara isiyowalazimisha kukimbilia kampuni za simu, jenereta, na bosi anayeelewa kwamba pito la saa tisa usiku ni kazi na linastahili posho kuliko kikao cha kupongezana. Na wanahitaji chombo cha pili, kwa sababu cha kwanza kitaungua. Mwalimu wa ufundi hampi mwanafunzi mbao moja akamwambia hiyo ndiyo ya maisha. Makosa ya kwanza husahihishwa katika cha pili, na kama cha pili hakimo katika mpango, basi makosa yale tumeyalipia bure.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi jepesi zaidi. Siku ya kurushwa kwa setilaiti ya Tanzania itafika, na nitafurahi kama mtu mwingine yeyote. Kamera zitaelekezwa kwa wanaanga na kwa jukwaa la wageni rasmi. Ninyi tafuteni majina ya walioijenga. Yaandikeni. Baada ya mwaka mmoja waulizeni wako wapi, baada ya miaka mitano waulizeni tena, na mchapishe majibu yao hata kama ni mabaya kwa wakubwa. Bungeni pia kuna watu wenye haki ya kuuliza swali la msingi na la nyongeza. Wapelekeeni majina hayo.

Bajeti ijayo ikisomwa Dodoma, sitaanza na ukurasa wenye picha ya roketi. Nitaanza na fungu la mishahara. Nawe uliyeko Utumishi, unayesoma haya kabla ya kikao cha asubuhi: ile kada imekwisha kuandikwa, au kuna mtu mwingine anayepangiwa masijala?